Andikeni saa, si pesa pekee

Mhariri,

Nimesoma habari yenu katika ukurasa wa kimataifa kuhusu wafanyakazi wa reli ya abiria ya Long Island, huko New York, na ovataimu wanayolipwa. Nawaandikia kwa kuwa kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto ilikuwa hiyohiyo ya kuhesabu ovataimu za watu. Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha sukari huku kwetu Kisumu, sasa nimestaafu.

Habari yenyewe si ngeni. Kuna shirika la utafiti liitwalo Empire Center ambalo kila mwaka huanika mishahara ya watumishi wa umma wa jimbo lile, na kila mwaka magazeti hukimbilia waliopata nyingi zaidi. Iliyovuma kuliko zote ilitoka 2019, kuhusu malipo ya 2018. Mpimaji mkuu wa njia ya reli alipokea dola 461,646, na katika hizo dola 344,147 zilikuwa ovataimu. Mmezigeuza kuwa shilingi, mkapata zaidi ya milioni 40, kisha mkaweka kalamu chini. Pale stendi ya Ahero nilimsikia kijana akiwasomea wenzake kwenye simu, nao wakipiga mluzi.

Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, nacho hakikuwamo: saa. Alipigia kazi saa ngapi pesa hizo?

Jibu lipo, tena limewekwa wazi na waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walipomfungulia kesi Desemba 2020. Kwa mwaka huo mmoja wa 2018 alidai saa 3,864 za ovataimu, juu ya saa 1,682 za kawaida. Jumlisha: 5,546. Gawanya kwa siku 365, utapata saa 15 kila siku ya Mungu, Jumapili, Krismasi na siku za malaria zote zikiwemo. Hesabu hiyo naifanya nyuma ya risiti ya unga, na karani yeyote angesita hapo. Ikabainika kwamba baadhi ya saa alizodai yuko relini alikuwa anacheza bolingi. Mahakama ilimpa kifungo, naye alistahili.

Sasa tazameni kilichomkamatisha. Dola laki tatu ni nyingi, lakini wingi wake haushtaki mtu. Zilizomshtaki ni saa. Na saa 3,864 hazikujiidhinisha zenyewe. Msimamizi fulani aliziona mwezi baada ya mwezi akatia sahihi. Huyo hamkumgusa hata kwa mstari mmoja.

Niwaeleze fomu ya ovataimu ilivyo, maana naona waandishi wengi hawajawahi kuishika. Ya kwetu ilikuwa na jina, namba ya kazi, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu, halafu sahihi mbili: ya msimamizi wa zamu na ya mkuu wa idara. Safu ya sababu ndiyo iliyokuwa nyembamba kuliko zote, maneno mawili matatu tu yanaenea. "Bomba limepasuka." "Mwenzake mgonjwa." Na ile iliyojirudia hadi nikaichoka: "nafasi iko wazi." Nikishapokea fomu naiweka kando ya daftari la geti, lile askari anamoandika nani kaingia na nani katoka, na namlinganisha mtu na mtu. Kuna fundi mmoja aliyedai Jumapili nzima wakati daftari halikuwa na jina lake kabisa. Nilimpiga mstari mwekundu, akaninunia msimu mzima. Kwa hiyo mhariri, usidhani nawatetea wezi wa saa. Nimewakata wengi kuliko unavyofikiri.

Lakini nimeona na upande wa pili. Tulikuwa na mwendesha boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, mtu mkimya, mzoefu wa makapi ya miwa na moto wake. Mmoja wa wenzake alistaafu, mwingine akahamishwa, na juu kukasemwa ajira zimesimamishwa. Boila haizimwi kiwanda kikiwa kinasaga, basi waliobaki wakawa wanaunganisha shifti: anatoka ya usiku, anapumua kidogo, anaingia tena. Mwezi mmoja peslipu yake ikampita mkuu wa idara yake. Sijui ni nani aliyeipiga picha, ila ilizunguka kwenye simu za watu, na haukupita muda mwanasiasa mmoja akasimama matangani na kutangaza kwamba kiwanda chetu kinaliwa na watu wa boila. Hakusema kiwanda kilikuwa na upungufu wa watu wawili pale. Kanisani wakaanza kumwandikia mchango wa mtu tajiri.

Mkewe akaja ofisini kwangu kuuliza pesa zinaishia wapi, maana yeye nyumbani haoni. Sikuruhusiwa kumwonyesha makato ya mumewe, kodi ni ngapi na mkopo wa sako ni ngapi. Nilimwambia tu, "Hebu hesabu siku alizolala nyumbani mwezi huu." Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukamtosha. Akaniangalia, akasema, "Kumbe mama, hiyo boila ndiyo mke mwenzangu?"

New York nako mambo hayako mbali na hapo. Reli ile haifungi, treni zinapita saa 24, kwa hiyo kukarabati njia kunasubiri usiku na wikendi, saa ambazo mikataba inazilipa zaidi. Na wakubwa nao wana hesabu zao: mfanyakazi mpya anakuja na bima ya matibabu na pensheni ya miaka mingi, wa zamani akiongezewa saa analipwa hizo saa basi. Huo ni uamuzi wa ofisini. Gazeti likiandika kiasi cha pesa bila uamuzi huo, limemwacha mwenye kalamu likamkamata mwenye sururu.

Na kuna jambo zito kuliko pesa. Tarehe 1 Desemba 2013, treni ya Metro-North, reli dada ya hiyo ya Long Island, iliacha njia asubuhi pale Spuyten Duyvil, mjini New York, ikiingia kwenye kona kwa kasi ya karibu kilomita 132 kwa saa mahali panapotakiwa 48. Watu 4 walikufa, zaidi ya 60 wakaumia. Dereva alikuwa amesinzia. Hakuwa kwenye ovataimu, nisiwadanganye. Uchunguzi ulikuta ana ugonjwa wa kukatizwa pumzi usingizini ambao haukuwa umegunduliwa, na karibuni alikuwa ametolewa zamu ya mchana akawekwa ya alfajiri. Lakini ndiyo maana nasema saa na zamu za mtu wa reli ni habari ya abiria, kabla hazijawa habari ya mfuko wake.

Hapa kwetu je? Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaweka wiki ya kazi kuwa saa 52. Ukizidisha, unalipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Tena ina kikomo ambacho sijawahi kukiona gazetini: saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa zisizidi 116 kwa wiki mbili, na 144 kwa wa zamu ya usiku. Yule mwendesha boila wetu alikuwa anaipita namba hiyo mchana kweupe, nasi tunamlipa. Aliyestahili kuulizwa hapo ni nani?

Ombi langu ni dogo. Mtakapofikia treni zetu wenyewe, hizi za Syokimau na kwingineko zinazobeba watu wa kazi asubuhi, msianze na peslipu ya dereva. Mtumeni mwandishi apande ya kwanza kabisa, amuulize dereva ameamka saa ngapi na jana alishuka saa ngapi. Aulize na nafasi ngapi hazijajazwa. Kisha kwenye jedwali lenu la mishahara ongezeni safu mbili: saa, na cheo cha aliyeidhinisha.

Na kama anataka kuona fomu ya ovataimu kabla ya kwenda, ninazo chache ambazo hazijajazwa, nilizitumia kufunikia vitabu vya wajukuu. Aje siku yoyote isipokuwa siku ya soko.

Karani mstaafu,
Ahero, Kisumu