Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: mie nimechoka kunguruma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi wa Wazee na Watu wenye Ulemavu, Kampala.

Mheshimiwa, salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni fundi simu, nina sentimita 124, stuli yangu ya kazini ina ngazi mbili, nakuambia mapema usije ukajiuliza huyu anaongelea watu wafupi kama nani.

Mwaka jana walikuja jamaa wa sinema wanatafuta "watu wadogo" wa picha ya majini na wafalme, zile za panga kuwaka moto na miti kuongea. Sikufichi nilifurahi, nikafunga meza siku tatu. Kufika huko naomba skripti, dairekta anacheka, ati wewe huna maneno, wewe ukiona msichana unanguruma halafu unamng'ata mguu. Nikavalishwa gunia na kinyago cha mpira kinanuka kama tairi jipya, asubuhi mpaka giza, jasho lote linaishia machoni. Na kwenye hadithi hiyohiyo kulikuwa na mfalme mfupi, ana busara, ana mke, ana hotuba ndefu, nikasema moyoni sasa huyu ndo wangu. Wapi! Akapewa jamaa mrefu, akafungwa sponji magotini akawa anatembea kwa magoti. Ati ndo anajua kuigiza. Kuigiza ufupi, na mimi nimesimama pale naangalia!

Picha ilipofika kibandani nikaenda na mpwa wangu wa miaka saba. Vibanda vyetu unavijua, mabenchi, feni moja, VJ, yule mtafsiri mwenye maiki, anatafsiri juu kwa juu kwa Kiganda na utani wake. Nilipotokea tu akapayuka "nakalanga!", yaani kibeti kwa Kiganda, watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka kidogo, ningefanyaje. VJ simlaumu sana, mimi nilimpa mngurumo, alitaka atafsiri nini? Mwishoni majina yanapita, mimi ni "Jini Mfupi 3", jina langu hakuna. Njiani mtoto ananiuliza, mjomba, mbona hukusema kitu? Kesho yake watoto wa stendi wananingurumia nikipita, mmoja akajaribu kuning'ata kweli, banange.

Na si Uganda tu. Yule Gimli wa picha za Lord of the Rings, mbilikimo mwenye shoka, aliigizwa na John Rhys-Davies, mtu wa sentimita 185 hivi! (Neno mbilikimo lenyewe silipendi, na ndilo wanalowabandika Batwa wa Kisoro ambao ni kabila la watu, lakini hiyo ni barua nyingine.) Kwenye picha hizohizo Kiran Shah, mzaliwa wa hapo Nairobi, sentimita 126.3, yaani ananizidi mbili tu, ndo alivaa nguo za Frodo, shujaa wa hadithi, akasimama badala ya Elijah Wood aliyemwigiza, pale ilipotakiwa aonekane mdogo. Kazi ngumu na aliiweza, ila uso tunaoukumbuka si wake. 2012 wakaja na Snow White and the Huntsman, ile hadithi ya binti na wafupi wake, wakachukua mastaa warefu wakawafanya wafupi kwa kompyuta. 2022 Peter Dinklage, mwigizaji mfupi kama mimi, akalalamika hadharani kwamba Disney wanarudia hadithi ileile ya Snow White na wafupi saba pangoni, na alikuwa na haki yake, lakini picha ilipotoka 2025 wale saba ni kompyuta tupu. Sasa hapo nani amepata kazi?

Dinklage namkubali sana. Kama Tyrion kwenye Game of Thrones alipewa akili, ulevi, mapenzi, hasira kwa baba yake, maneno mpaka basi, akabeba tuzo nne za Emmy, zile za televisheni Marekani, na hakuna aliyemwongeza hata inchi moja.

Kwa hiyo sikuombi uzipige marufuku hizi picha, hapana, ukizifuta na mimi umenifuta. Katiba kifungu cha 35 kinasema tuna haki ya kuheshimiwa utu wetu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 imetutaja kabisa sisi watu wafupi. Basi kaa na wenzako wa UCC, ile Tume ya Mawasiliano ya Uganda, wao ndo wenye tamasha la filamu tangu 2013 na ndo wanasaidia watengeneza filamu kwa hela. Mtu akiomba hela ya serikali na kwenye hadithi yake kuna mfupi, aonyeshe kwanza kwamba alitutafuta sisi, kabla hajamfunga mtu sponji magotini. Jina letu liandikwe. Na malipo yawe sawa, mimi nilitumiwa 50,000 kwa simu, yule niliyemng'ata mguu alipata 120,000 na mguu wenyewe sikuung'ata kweli.

Wiki iliyopita dairekta yuleyule kanipigia, ana picha nyingine ya msituni, anauliza lile gunia bado ninalo. Nikamwambia nitumie skripti kwanza nione nasema nini. Mpaka leo hajatuma.

Ni mimi,
fundi simu, Busia