Mwanangu, sura yako usiwape

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, na kila nikiusoma nakwama pale pale ulipoandika kwamba mtapokewa na wenyeji wa serikali. Kwenye simu wewe ni mwepesi wa kujibu na mimi ni mwepesi wa kukasirika, kwa hiyo nimeona bora niandike. Mambo ya barua hayakatizwi.

Sikukatazi kutoka huko Marekani kwenda Cuba na msafara wenu. Umri unao, shahada unayo, nauli umelipa mwenyewe. Nakuomba jambo moja tu, na nitalirudia mpaka unichoke: sura yako usiwape. Usisimame mbele ya kamera yao, usishike bendera watakayokupa, usiseme neno kwenye kipaza sauti chao hata liwe la asante. Tembea, kula, sikiliza ngoma zao, iangalie bahari. Lakini nisije nikaona picha yako kwenye gazeti la Granma, la chama chao, unacheka bega kwa bega na ofisa wa chama.

Najua utasema mama anaogopa kivuli. Basi sikiliza kinachoniogopesha. Wana Taasisi ya Urafiki na Mataifa, iko tangu 1960, na kazi yake ndiyo hiyo, kupokea misafara kama yenu. Mtapewa basi, kiongozi mwenye maneno mazuri, na ratiba. Asubuhi zahanati, mchana shule, jioni muziki. Na hivyo mtakavyoonyeshwa si vya uongo, daktari atakuwa daktari kweli na mtoto atakuwa anajua kusoma kweli. Tatizo langu ni mahali ambapo basi halifiki. Hakuna atakayewapeleka gereza la Guanajay, nalo si mbali na Havana, alikofungwa Luis Manuel Otero Alcántara. Huyo ni msanii. Juni 2022 walimhukumu miaka 5, na katika makosa waliyomsomea limo la kuidharau bendera. Mwenzake Maykel Castillo, mwimbaji, akapewa miaka 9. Hawakushika bunduki.

Na tarehe 11 Julai 2021 unaijua kuliko mimi. Watu walianza kutoka San Antonio de los Baños, mji mdogo tu, na kabla ya jua kuzama miji kadhaa iko barabarani ikidai chakula, dawa, umeme na uhuru. Rais wao Díaz-Canel akaingia kwenye televisheni akawaamrisha wafuasi wake watoke wakapambane nao. Waliokamatwa walipita elfu moja. Katika makala yako uliyonitumia siku hiyo umeipa sentensi moja. Vikwazo vya Marekani umevipa kurasa tatu.

Makala nimeisoma yote, neno nisilolijua nikafungua kamusi. Umeandika vizuri, mwanangu. Nilimsomea shangazi yako kipande, akasema huyu angekuwa wakili. Na uzuri huo ndio unaonitia hofu, kwa kuwa mtu asiye na ulimi hawana haja naye.

Mimi nimewahi kuwa ndani ya picha ya namna hiyo. Si kama mgeni, kama mwenyeji. Shule yetu Unguja ilipangwa barabarani kuwapokea wageni kutoka Ujerumani Mashariki waliokuja kutazama majumba ya Kikwajuni. Blauzi nyeupe, bibi yako ameipiga kanji ya muhogo mpaka kola inanikata shingo, mkononi kibendera cha karatasi. Tulisimama juani toka asubuhi. Akapita mama mmoja wa Kizungu, nywele kama nyuzi za katani, akainama, akanishika shavu, akaniambia kitu kwa lugha yake, na mwenziwe akatupiga picha. Nilicheka. Mwalimu alikuwa ameshatuambia tucheke. Nyumbani sukari hakuna, mchele ni wa foleni, na babu yako alikuwa ameshachukuliwa usiku, siku chache nyuma. Hayo ya babu unayajua, sirudii.

Yule mama sina kinyongo naye. Alikuwa na mkono laini. Lakini najua alirudi kwao akasema amewaona watoto wa Zanzibar wana furaha, na hakusema uongo, picha anayo. Sura yangu ilifanya kazi ambayo mimi sikuiridhia. Wewe unakwenda kwa hiari yako, umesoma, na bado unataka kuwa yule mama?

Tuwe wa haki. Wajerumani wale walijenga. Majumba yapo hadi leo, watu wanaishi, na aliyekuwa akilala kwenye kibanda akapata dari. Hao hao pia ndio walioifundisha idara ya usalama ya Zanzibar kazi yake. Yote mawili ni kweli, nawe ukiandika la kwanza bila la pili umeandika upande mmoja. Na kabla yao, kabla ya Januari 1964, walikuwepo vijana wa chama cha Umma waliopelekwa Cuba kufundishwa, wakarudi na ndevu na kofia, wanapiga kelele za “Venceremos”, yaani tutashinda. Tukiwaita makomredi. Vijana wenye akili, wengine wazuri wa moyo, wakiamini wanachosema. Kiongozi wao, Abdulrahman Babu, alitiwa ndani 1972 baada ya Karume kuuawa, akatoka 1978. Serikali ya aina hiyo haimalizi kula adui zake tu.

Ukiniita mhafidhina sikatai. Nimeshakusikia ukilisema neno hilo kama ugonjwa. Wahafidhina wa Marekani wana mengi ninayotofautiana nao, nami si mpiga kura wao, niko zangu Mombasa. Lakini katika hili walilijua jambo ambalo maprofesa wako wanalikwepa, kwamba dola inayomwogopa raia wake hailainiki kwa kuchekewa. Reagan alipoiita Urusi ya Kisovieti dola ya uovu, Machi 1983, wastaarabu walisema anachafua hewa ya mazungumzo. Natan Sharansky, mpinzani wa serikali ile, alikuwa gerezani huko wakati huo. Amesimulia kwamba habari iliwafikia kupitia Pravda, gazeti la chama, lililokuwa likimtukana Reagan kwa maneno hayo, na wafungwa wakapashana kwa kugonga kuta: yuko mtu amelisema jina la kitu hiki. Miaka mitatu baadaye akavuka daraja la Glienicke kuingia Berlin Magharibi, yu huru.

Gazeti lile lile la chama, Rukia, ndilo linaloingia gerezani. Likimtukana anayewatetea, wanapata nguvu. Likileta picha ya msichana kutoka Marekani, tena Mwafrika, tena msomi, akisifu zahanati, wanapata nini? Usiwape sura yako.

Utanijibu Mandela. Ndiyo, alikwenda Cuba 1991 akamshukuru Castro kwa Angola, na askari wa Cuba walikufa kule Cuito Cuanavale, na utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini ulitikisika. Shukrani ile ni haki yake na simnyang'anyi. Lakini deni la Angola kwa nini alilipe kijana wa 2021 aliyeomba mkate? Utanijibu Mobutu. Hapo huna haja ya kunisukuma: Marekani ilimlea Mobutu miaka thelathini na Wakongo ndio waliolipa, na anayeitetea hiyo siyo mimi. Jeane Kirkpatrick, aliyekuwa balozi wa Reagan kwenye Umoja wa Mataifa, alifundisha kwamba dikteta rafiki ni afadhali kwa kuwa utawala wake waweza kubadilika, wa kikomunisti haubadiliki. Nusu ya pili ukuta wa Berlin uliijibu ulipoanguka, na nusu ya kwanza usimtume mtu kuwaambia watu wa Kinshasa. Ila kosa la kumkumbatia dikteta huyu halifutwi kwa kumkumbatia yule. Ndilo ninalokwambia kila siku.

Na vikwazo. Sisemi havimgusi mama wa Havana anayetafuta dawa ya mtoto, vinamgusa, na wa kumhurumia tuko wengi. Lakini mbona hukuandika kwamba tangu sheria ya 2000 Marekani inawauzia chakula? Kuku wanaoliwa Cuba wengi wanatoka huko huko kwa adui, wanalipiwa taslimu. Mbona hukuandika masharti ya sheria ya 1996? Yamo kuwaachia wafungwa wa kisiasa na kuruhusu vyama vingine. Ufunguo mmoja wa mlango ule uko Havana tangu wewe hujazaliwa. Obama alijaribu upole, akaenda mwenyewe Machi 2016, na saa chache kabla ndege yake haijatua waliwabeba wale Mama Waliovaa Nyeupe, wake na jamaa za wafungwa, wakawatia ndani. Januari 2025 Biden akatangaza kuitoa Cuba kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi, Havana ikasema itawaachia wafungwa 553. José Daniel Ferrer, kiongozi wa wapinzani, akatoka. Trump akaifuta hatua ile siku aliyoapishwa, na Aprili wakamrudisha Ferrer ndani. Mfungwa kwao ni akiba, anatolewa na kurudishwa kwa bei ya siku.

Uliniuliza mara moja kwa nini nawachukia Wacuba wakati daktari wao ndiye aliyemtibu baba yako. Nilinyamaza, sasa nakujibu. Kenya iliwaleta 100 mwaka 2018, wawili wakatekwa Mandera Aprili 2019 wakienda kazini, na 2023 serikali ikasema mkataba hauendelei. Yule wa baba yako alikuwa mtu mpole, mwenye mikono ya kazi, na Kiswahili alichojifunza akikitumia bila haya. Siku moja nimempelekea mahamri, nikamuuliza, bila nia mbaya, kama mshahara unamtosha kupeleka nyumbani. Aliutazama mlango. Kisha akaniuliza maembe ya hapa huiva mwezi gani. Basi nikamweleza maembe. Baadaye nikasoma kwamba sehemu kubwa ya malipo yao huchukuliwa na serikali yao, na anayeikimbia kazi huweza kuzuiliwa kurudi kwao miaka 8, awe na mtoto au mama mgonjwa. Sijawahi kuwachukia Wacuba. Ule mtazamo wa kuutazama mlango naujua kwa kuwa nimelelewa nyumba ambayo kila mtu aliutazama mlango kabla ya kutaja bei ya mchele.

Na kwao kila mtaa una kamati yake ya kulinda mapinduzi, tangu Septemba 1960, ya kujua nani kaingia na nani katoka. Kwa hiyo mtu akikujibu kwamba mambo ni mazuri, usimhukumu na usimwandike jina. Wewe utapanda ndege, yeye atabaki na jirani zake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kama Cuba umejifunza kwa wengine, labda ni kwa kuwa hapa nyumbani jina la Unguja likitajwa mtu alikuwa akiinuka kwenda kuzima jiko. Walioinuka walikuwa na sababu zao. Ukirudi salama uniulize, nitakaa.

Mambo ya huku. Mpangaji wa juu kodi ya miezi miwili hajatoa, kila nikipanda ngazi nasikia amezima televisheni. Kaka yako anasema tumwondoe, baba yako anasema ana watoto. Tangi la maji limepasuka tena upande ule ule, fundi aliyeziba mara ya kwanza simu hapokei, kwa hiyo tunachota kwa ndoo. Presha ya baba yako imeshuka kidogo tangu wabadilishe dawa, ila chumvi anaiba. Mtoto wa dada yako ameota meno mawili na anauma kila kitu. Karatasi za kiwanja cha Kisauni zinataka saini yako kabla ya mwisho wa mwezi, nimempa kaka yako akupigie picha akutumie. Hizo ndizo za kutia saini. Tamko lolote watakaloliandika wenyewe Havana, eti la mshikamano, la wajumbe wote, usitie, hata wenzako wote wakitia. Sema mkono unauma. Sema mama yako mkali.

Chukua dawa zako za kutosha na usizirudishe. Panadoli, dawa za vidonda, sabuni, zigawe kimyakimya kwa mwenye nyumba mtakapolala, siyo mbele ya kiongozi wa msafara. Chukua na tochi, umeme kwao unakatika nchi nzima, Oktoba 2024 ulikatika hivyo. Ukipita mbele ya kanisa la Santa Rita kule Miramar, Jumapili, pale ndipo wale mama waliovaa nyeupe walipozoea kusali kisha kuandamana na maua. Simama kidogo. Hapo hata ukipigwa picha sitakulaumu.

Nambari ya ndege na saa ya kufika mtumie baba yako, siyo mimi, mimi nitaiona kwake. Na hiyo simu yako ufute jumbe zangu kabla hujashuka.

Mama yako