Siku 14 za Afrika Kusini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na bado naona umeihukumu upesi serikali ya mseto iliyoundwa Afrika Kusini mwaka 2024 unapoiita ndoa ya kulazimishwa. Ilikuwa ya lazima, sikatai. Lakini aliyeilazimisha ni mpiga kura, na hapo ndipo inapotofautiana na serikali ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka, tuliyoizoea, iliyopatikana baada ya damu kumwagika.

Hesabu yenyewe ilikuwa ngumu. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Mei 2024, chama tawala ANC, kilichokuwa na wingi wa wabunge tangu 1994, kilipata viti 159 kati ya 400 vya Bunge la Taifa, DA, chama kikuu cha upinzani, kikapata 87, MK ya rais wa zamani Jacob Zuma 58, na EFF ya Julius Malema 39. Ukijumlisha ANC na EFF unapata 198, pungufu ya viti 201 vinavyohitajika kupata wingi. MK nayo haikutaka kushirikiana na ANC iliyo chini ya Cyril Ramaphosa. Kwa hiyo mlango wa DA ulibaki kuwa mpana kuliko yote, japokuwa ANC na DA vilikuwa vimeshambuliana kampeni nzima.

Isitoshe, katiba yao inaagiza Bunge jipya likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa. Matokeo yalitangazwa tarehe 2 Juni, na tarehe 14 wabunge wakakusanyika katika ukumbi wa mikutano mjini Cape Town, kwa kuwa jengo la Bunge liliungua mwaka 2022. DA ilitangaza makubaliano ya kushirikiana na ANC kikao kikiwa tayari kimeanza! Usiku huo, wabunge walipomchagua Rais, Ramaphosa alimshinda Malema kwa kura 283 dhidi ya 44.

Mimi naiheshimu saa hiyo ya katiba, kwa sababu inawazuia wanasiasa kuliacha taifa likining'inia. Ubelgiji, baada ya uchaguzi wa 2010, ilikaa siku 541 bila serikali kamili. Hata hivyo, haraka ina gharama yake, na hapa nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Hati ambayo vyama washirika vilitia saini ilieleza nia kwa maneno mapana, ikaweka kanuni ya maafikiano ya kutosha, yaani ridhaa ya vyama washirika vyenye asilimia 60 ya viti vya Bunge la Taifa, lakini suala la kodi halikumalizwa. Baraza la mawaziri lenyewe lilitangazwa tarehe 30 Juni tu.

Pengo hilo lilijitokeza Februari 2025, bajeti ilipoahirishwa siku ileile iliyopangwa kusomwa, kwa kuwa washirika walikataa kodi ya ongezeko la thamani ipande kutoka asilimia 15 hadi 17. Mwezi Aprili, DA, yenye mawaziri serikalini, ilipiga kura kupinga mfumo wa bajeti, yaani makadirio ya jumla ya mapato na matumizi, ambao ulipita kwa kura 194 dhidi ya 182. Baadaye mwezi huohuo nyongeza ya kodi ikaondolewa.

Wewe unaita hayo machafuko. Mimi nimeona Bunge ambalo kwa mara ya kwanza katika miaka 30 halikujua mapema kura ya bajeti itaishaje, nami nilifurahi kwa dhati. Ningependa tu siku 14 zitoshe kumpata Rais, kisha washirika wapewe miezi kadhaa ya kuandika mpango kamili wa serikali, kodi ikiwa ya kwanza.

Niandikie unipinge, ukinionyesha njia nyingine ya kufikia 201.

Wako daima.