Kaka wa bajaji, popote ulipo

Juzi saa tatu usiku, tukijiandaa kulala, mwanangu wa miaka miwili alimeza kibetri cha rimoti, kile bapa kama kifungo. Nikatoka mbio, mtoto mgongoni, ndizi mkononi, eti nimlishe kiteremke. Ukanizuia palepale kituoni Rangi Tatu: “Dada, hiyo si shilingi, inaunguza. Usimpe ndizi, panda twende!” Sijui ulijulia wapi. Daktari akasema ndani ya saa mbili tu huanza kuchoma koo. Eksirei ikakionyesha, kimekwama kifuani. Kikatolewa usiku uleule. Nauli ulikataa, jina sikukuuliza. Ahsante sana, kaka yangu, Mungu akuzidishie. Na ndala yake moja nadhani imebaki kwenye kiti chako.