Dadangu, ile pesa ya mashine

Assalam aleikum dadangu,

Najua ushachoka kuniuliza "mashine imefika?" na mimi kila ukiuliza nakutumia picha ya kuku nabadilisha stori. Sasa wacha niseme hapa hapa mbele ya watu nione haya mara moja yaishe. Ile elfu 25 uliyotuma kutoka Doha ya mashine ya kuangulia vifaranga, sikununua mashine. Sikiza kwanza kabla hujanipigia.

Joto la kaskazi mwaka huu lilikuja kutumaliza. Februari mpaka Machi kuku wanashinda chini ya mwembe midomo wazi, mbawa wameziachia, chakula hawataki, wao ni maji tu. Na kuku akihema hivyo siku nzima hata ganda linakuwa jepesi, waokota yai linabonyea mkononi. Kutoka mayai 26 kwa siku tukashuka hadi 14, na hapo ni Ramadhani, kila nyumba yataka mkate wa mayai! Jirani aliagiza trei mbili nikampeleka mayai 22 na pole nyingi, mpaka leo akiniona anaangalia kando.

Nikadhani ni joto peke yake. Kumbe ni kunguru. Wajua tena Mwakirunge hapa jaa la taka liko karibu, wale kunguru wa Kihindi ni kama wamepewa hati ya shamba. Siku moja nikakaa nyuma ya banda nikatulia tuli. Yule kuku wa madoa akataga, akatoka akaanza kutetea, ko-ko-ko-koo, na kunguru alikuwa juu ya makuti kitambo anangoja tu hiyo sauti. Akashuka kwa miguu wallahi, hakuruka, akaingia kama mwenye nyumba, akadunga yai akatoka nalo mdomoni. Yaani kuku mwenyewe ndiye anayemwita mwizi. Nilicheka kwanza, hasira zikaja baadaye.

Basi pesa yako ndio ikaanza kupungua hapo. Nilienda kwa wavuvi Mtwapa nikanunua nyavu kuukuu, tukazitandika juu ya uwanja wote wa kuku, kunguru sasa anatua juu anachungulia. Halafu makuti mapya kabla ya masika, maana banda lilikuwa linavuja na matandiko yakiloa tu, kuku wanaanza kukoroma na kukohoa. Halafu chanjo ya kideri, ambayo hiyo sitaki hata tubishane, umesahau mwaka ule tulizika kuku 31 kwa wiki moja? Kila miezi 3, tone moja jichoni. Naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, na ikishafunguliwa lazima tuimalize siku hiyo hiyo, kwa hiyo tunawashika usiku wakiwa wamelala, mwanangu anamulika na simu mimi nadondosha.

Mvua imeanza, majani yameota, kumbikumbi wametoka na kuku wananenepa bure. Viini vimerudi rangi ile ya machungwa. Machicha ya nazi nawachanganyia na pumba, na yale makombe ya baharini nayaponda kinuni wanayagombania, ganda limekuwa gumu tena. Jana tumeokota 23.

Na mashine ya nini, stima yenyewe ikinyesha tu inapotea? Yule koo mweusi amelalia mayai 11, Alhamisi anatimiza siku 21. Juzi niliyamulika na tochi, mawili yamekufa, mengine yacheza ndani. Anadonoa huyo, mkono wangu una kovu.

Imebaki 9,300. Niambie nikurudishie ama ninunue pipa la maji ya mvua. Mimi nataka pipa.

Salamu kwa wote hapo nyumbani kwako.