Neville Alexander akumbukwe na walimu wetu

Mhariri,

Mjadala wa lugha ya kufundishia ukiibuka, naona jina la Neville Alexander, msomi na mtetezi wa lugha za Kiafrika wa Afrika Kusini, halitajwi. Naomba nafasi nimtaje.

Alizaliwa Cradock mwaka 1936. Bibi yake mzaa mama, Bisho Jarsa, alikuwa Muoromo wa Ethiopia aliyeokolewa utumwani angali mtoto. Alexander alipata shahada ya uzamivu Ujerumani, akarudi kupambana na ubaguzi wa rangi, akafungwa miaka kumi Kisiwa cha Robben. Hata huko gerezani alifundisha wenzake.

Mwaka 1992 alianzisha PRAESA, taasisi ya utafiti wa elimu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akaiongoza hadi uzeeni. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kazi yake haikuishia kwenye makongamano. Taasisi ile ilitoa vitabu vya hadithi za watoto kwa lugha za Kiafrika, na katika kitongoji cha Langa watu wa kujitolea waliwasomea watoto kwa Kixhosa na Kiingereza. Msimamo wake ulikuwa wazi: mtoto aanze na lugha ya nyumbani, aongezewe nyingine, asinyang'anywe ile ya kwanza.

Mimi kila Jumamosi nawasomea watoto wa mtaa wetu barazani kwangu. Vitabu vya Kiswahili vya wanaoanza kusoma ni haba, na nilivyonavyo vimechakaa. Tafadhali, Mhariri, tengeni ukurasa mmoja wa hadithi za watoto kila wiki. Nitaukata, niubandike kwenye karatasi ngumu, wausome siku hiyohiyo.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga