Mdogo wangu wa Tanga, hiyo rangi ya bluu irudishe dukani

Mdogo wangu, salaam nyingi. Voisi yako nimeisikiliza yote, eti na wanafunzi wako mnataka kutengeneza kasa mkubwa kwa takataka za ufukweni mumuweke getini, na rangi ya bluu ushanunua. Kasa poa sana. Rangi hapana.

Yaani utamu wa sanaa hii ni mtu asogee aone kumbe hii ndala, hiki kifuniko cha soda, huu mswaki, tena kama wa kwake wa bafuni, hapo ndo inamuingia. Ukishapaka bluu kila mahali basi si ungemfinyanga tu kwa simenti? Cheki Flipflopi ya Lamu, jahazi lililoundwa na kina fundi Ali Skanda, mbao zake ni plastiki iliyoyeyushwa na ubavuni wamelivisha ndala 30,000 hivi na rangi zake zile zile, likashushwa majini 2018, mwaka uliofuata likateremka na tanga mpaka Zanzibar, sasa chombo kama hicho kikipita nani asigeuke? Na Ocean Sole, wale wachongaji wa Nairobi, ni hivyo hivyo, wanaosha ndala, wanazigandisha kwa gundi ziwe bonge, wanachonga kwa kisu, wanapiga msasa, rangi unazoona ni za ndala zenyewe. Na wazo lilianzia kwa watoto wa kisiwa cha Kiwayu, huko huko Lamu, waliokuwa wanajichongea tu vya kuchezea, kwahiyo hao wanafunzi wako usiwadharau.

Gundi peke yake juani itabanduka, toboa ufunge kwa nyuzi za nyavu kuukuu. Plastiki iliyopigwa na jua mpaka inamomonyoka mkononi achana nayo, itakumwagia vipande pale pale getini na mvua ivirudishe baharini. Na glavu jamani, sindano zipo.

Waambie wasome maandishi ya kwenye chupa kabla ya kukata. Huku Kenya tunaokota hadi za Indonesia zimeletwa na mkondo, ila msije mkawasingizia Waindonesia, nyingi za mjini ni zetu wenyewe hizo.

Afu tumbo la kasa liache wazi, ulijaze mifuko ya plastiki, maana kasa anaimeza akidhani ni konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama jeli. Kwenu ilipigwa marufuku Juni 2019, kwetu Agosti 2017, na bado hutaikosa, nenda tu ukatafute.

Hela za wageni watakaokuja kupiga picha msizile chai. Pangani hapo si mbali, Ushongo kuna watu wanalinda mayai ya kasa, wanayahamisha kutoka kisiwa cha Maziwe kwa sababu maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa. Wapelekeeni wao, na watoto waende wakajionee kasa wa kweli. Nauli ya wawili watatu nitachangia mimi, nitumie namba ya mwalimu mkuu.